Mtume, Mtumishi na Mgeni: Habari za Waliokuja na Injili katika Nchi ya Mara

Katika Kiswahili yako maneno mengi yaliyozaliwa na kitendo kimoja, nacho ni kutuma. Aliyetumwa na Mungu huitwa mtume. Atumikaye kwa hiari au kwa mshahara huitwa mtumishi. Naye yule aliyenunuliwa akatumwa asikotaka kwenda aliitwa mtumwa. Kitu tukishikacho mkononi kwa kazi twasema twakitumia. Hata neno misheni, lililotoka katika Kilatini, asili yake ni hiyo hiyo: kutuma, au kutumwa. Basi mtume na mtumwa ni watoto wa mama mmoja, wala msomaji asidhani ya kuwa jambo hili ni mchezo wa maneno tu, maana katika habari tutakazozieleza mara nyingi haikuwa rahisi kuwatenga.

Twaanza hivi kwa sababu siku hizi wageni wengi, hasa vijana wa Marekani na Ulaya, hufunga safari fupi za dini, za majuma mawili au matatu, wakaja kujenga darasa au kucheza na watoto wa shule. Na wakirudi kwao husimulia ya kwamba huku ndiko walikopata kujua kusudi la maisha yao. Hatuwacheki. Mtu akiona nuru haifai kumwuliza kwa nini hakuiona nyumbani kwake. Lakini mtu afungaye safari ili alitafute kusudi lake mwenyewe, je, ametumwa, ama amejituma? Na yule mwenyeji aliyempokea, akampisha kitanda chake, yeye amepata nini? Nchi ya Mara, kutoka Bunda hata Musoma na Butiama, ina habari za zaidi ya miaka mia moja za wageni wa namna hii, nazo zafaa kusomwa.

Wa kwanza twawataja ingawa hawakufika kukaa. Mwaka 1875 msafiri Stanley alipeleka barua Uingereza kutoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, nayo ikachapwa katika gazeti la London, ikiomba walimu wa dini. Chama cha C.M.S. kikatuma watu. Wawili kati yao, Luteni Shergold Smith na bwana O'Neill, walikuwa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877, katika kisiwa kile ambacho leo mtu huvukia kwa pantoni akitoka Kisorya, upande wa Bunda. Huko palikuwa na mfanya biashara aitwaye Songoro, ambaye walinunua chombo kwake. Akagombana na mtemi Lukonge, akawakimbilia Wazungu, nao wakasimama naye. Wote watatu wakauawa. Watu wale hawakukosa ushujaa wala imani. Walikosa siku za kukaa na kusikiliza, hata wajue ugomvi ulianza wapi na wenyewe ni nani. Kusudi lao lilikuwa Buganda, na Ukerewe kwao ilikuwa njia tu. Lakini kwa Wakerewe pale palikuwa nyumbani.

Baadaye walikuja waliokaa. Waadventista walifika Majita mwaka 1909, na Mapadri Weupe wakafungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Hawa wa pili walikuwa na desturi waliyopewa na Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao: kwamba mmisionari ajifunze lugha ya watu anaokaa nao. Katika Mara agizo hilo si jepesi. Makabila ni mengi na lugha ni nyingi, Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Wakurya, Wasimbiti, Waluo na wengine, na mtu akitembea nusu siku aweza kusikia salamu tatu mbalimbali. Wajita na Wakwaya wana irabu tano kama Kiswahili; lakini Kizanaki na Kiikizu zina irabu saba, na sikio lililozoea tano huzisikia kama zile zile, mpaka wenyeji wacheke.

Wamennonite walikuja kwa namna nyingine. Orie Miller na Elam Stauffer, watu wa Lancaster katika Pennsylvania, walifika Tanganyika mwaka 1934, nao walikuwa wametumwa kabla ya kujulikana watakaa wapi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutafuta mahali. Walipata Shirati, katika nchi ya Waluo, kando ya ziwa. Kisha vikafuata vituo vya Bukiroba, Mugango na Bumangi, hiki cha mwisho kikiwa kwa Wazanaki. Watu hawa kwao walikuwa wakulima, walivaa mavazi ya unyenyekevu, wanawake walifunika vichwa, nao walikataa kabisa kushika silaha. Desturi hizo walikuja nazo. Kwa hiyo Mwafrika aliyeomba ubatizo alipokea pamoja na Injili mambo mengi ya Lancaster, na wakati mwingine ilikuwa shida kujua lipi ni neno la Bwana na lipi ni la nyumba ya baba yake mmisionari.

Mwaka 1942 ulifika Shirati ule uamsho ulioanza Ruanda na kuenea Uganda, ambao watu wake waliitwa walokole, yaani waliookoka, kwa neno la Kiganda. Jambo tunalotaka msomaji alitazame ni hili. Katika uamsho ule watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, na walioungama hawakuwa Waafrika tu. Wamarekani nao, waliovuka bahari ili wawaite wengine kwenye toba, walisimama wakaungama mbele ya wale waliokuja kuwafundisha, na miongoni mwa dhambi hizo palikuwa na kiburi cha kujiona juu ya wenyeji. Tukiulizwa ni siku gani wageni wale walipata kusudi lao, tungeitaja hiyo kuliko siku ya kutia nanga Dar es Salaam. Zedekea Kisare, Mluo wa Shirati aliyekuwa na misheni tangu ujana wake, amesimulia habari za miaka ile katika kitabu kilichochapwa kwa Kiingereza mwaka 1984. Naye ndiye aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967. Kutoka 1934 hata 1967 ni miaka 33. Wengine wataona ni mingi mno, nasi hatutabishana nao.

Tuje sasa Butiama. Hapo alizaliwa mwaka 1922 mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Jina la baba, Nyerere, ni jina la viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati wa viwavi vingi; na mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana. Ndivyo desturi ya nchi: jina huwa kumbukumbu ya mwaka. Alianza kusoma Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na huko akaanza kusikia mafundisho ya Mapadri Weupe wa Nyegina. Kisha akaenda shule ya serikali Tabora. Hakubatizwa upesi. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwezi wa Desemba 1943 ndipo alipobatizwa Nyegina, akaitwa Julius. Kambarage hakuliacha, hata mvua na maji ya ubatizo vikakaa katika jina moja. Alisoma Makerere, akarudi Tabora kufundisha shule ya Mt. Maria, akasafiri hata Edinburgh mwaka 1949, akarejea mwaka 1952. Huyu naye alikuwa msafiri wa ng'ambo, ingawa hakuna aliyeiita safari yake misheni.

Wakati huo misheni za Musoma zilikuwa zimepata wageni wapya. Mwaka 1946 walikuja mapadri wa Maryknoll, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1911 kwa ajili ya kupeleka watu ng'ambo. Walikuwa wamepeleka watu China tangu 1918, na Afrika hawakuijua. Mmoja wao aliyefuata baadaye ni Padri Arthur Wille, ambaye alipangiwa kazi kwa Wazanaki, naye alihitaji mwalimu wa lugha.

Mwalimu alipatikana mwaka 1955. Tarehe 7 Machi mwaka huo Julius Nyerere, rais wa TANU, alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akieleza madai ya watu wa Tanganyika. Aliporudi aliona ya kwamba hataweza kushika ualimu na siasa pamoja. Akaacha kazi yake katika shule ya Pugu, asiwe na mshahara, akarudi kwao Mara. Huko, kwa miezi kadha, alimfundisha Padri Wille Kizanaki, akamsaidia kutafsiri mafundisho ya dini na masomo ya Misa za Dominika. Msomaji na apime jambo hili. Mtu aliyetoka Marekani kudai haki ya nchi yake alikaa mezani akimfundisha Mmarekani kutamka maneno ya mama yake. Mmarekani alikuja kufundisha, na kazi yake ya kwanza ikawa kufundishwa. Akapewa irabu saba, akazikosea, akazirudia. Mzanaki naye alikuwa njia panda, maana kazi moja ameiacha na ya pili haijampa hata chakula. Mwezi wa Oktoba alirudi Dar es Salaam, akaishika kazi ya TANU, na miaka sita baadaye, mwaka 1961, Tanganyika ilipata uhuru.

Hatusemi kwamba Kizanaki ndicho kilichomwonyesha Mwalimu njia. Hilo lingekuwa kusema zaidi ya tunayoyajua. Twasema tu ya kuwa watu wawili walikutana kila mmoja akiwa na haja, na haja ya mgeni ilimpa mwenyeji kazi ya kufanya. Wazee wa pwani wana maneno mawili juu ya wageni. La kwanza ni mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huyasema mbalimbali kama kwamba yanapingana, bali kwa maoni yetu la pili ndilo linaloeleza la kwanza, kwa kuwa mgeni asiyeshika jembe hamponyi mtu, na jembe hilo hupewa na mwenyeji, halitoki ndani ya sanduku la mgeni. Jembe la Padri Wille lilikuwa lugha.

Wenzake walilijua jambo hilo, maana Maryknoll waliendesha shule ya lugha pale Makoko, Musoma, na wamisionari wa mashirika mengi walikaa huko miezi kadha wakijifunza Kiswahili kabla ya kuruhusiwa kufanya jambo lolote la maana. Mtu mwenye shahada mbili alikaa akiuliza bei ya samaki, akajibiwa, asielewe. Twaona ya kuwa miezi ile ya ububu ilimfaa zaidi ya hotuba nyingi.

Na habari haikuishia Musoma. Mwezi wa Oktoba 1970, Nyerere, sasa Rais wa Tanzania, alikwenda Maryknoll yenyewe, New York, akasema na masista wa shirika hilo katika mkutano wao mkuu. Hakuwasifu tu. Aliwaambia, kwa maneno yaliyochapwa baadaye, ya kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuuondoa mpango wa dunia unaowafunga watu katika umaskini, litapoteza maana mbele ya watu hao. Tazama basi namna safari ilivyogeuka: aliyebatizwa Nyegina alivuka bahari, akawaambia waliotuma wamisionari kusudi la kutumwa kwao ni nini.

Tukirudi kwa vijana wa majuma mawili, twaona njia yao ikipita Bunda. Karibu na mji huo, barabarani kuelekea Mwanza, liko lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, na wengi wakimaliza kupaka rangi darasa huingia humo kutazama nyumbu. Si dhambi. Lakini neno letu safari, ambalo kwetu ni mwendo wowote wa mbali, hata wa kwenda matangani, limekwisha kuchukuliwa na Wazungu likawa na maana ya kutazama wanyama kwa gari. Nasi huogopa kwamba neno misheni nalo laweza kupungukiwa hivyo hivyo, likawa kutazama watu. Dawa, kama ipo, si kuwazuia wasije. Yafaa tu mwenyeji awe na la kuwaambia wafanye, na awe na uwezo wa kukataa wasilotakiwa kulifanya. Na mambo hayo mawili mara nyingi hukosekana kwa sababu mgeni ndiye mwenye fedha.

Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na katika uzee wake akazitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zilizochapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Alifariki mwaka 1999 akazikwa kwao. Na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua uchunguzi wa kumtangaza mwenye heri, hata akaitwa Mtumishi wa Mungu. Neno hilo nalo ni la jamaa ya kutuma. Na pale Musoma, tangu miaka ya 2000, Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wangoreme na wengine wamekaa pamoja na wageni wachache katika kazi ya kuandika lugha zao na kutafsiri Maandiko. Na mara nyingi kinachowachelewesha siku nzima si fumbo la dini bali irabu moja, iandikwe namna gani, na mgeni husubiri wenyewe wakubaliane.