Mwangwi wa Kamaru

Katika miaka ya 1970, King Tubby wa Kingston, Jamaika, alizipunguza nyimbo zikabaki ngoma, besi na mwangwi: ndiyo dabu. Mwaka 1993, Basic Channel wa Berlin wakaanza kuutia mwangwi huo katika mdundo wa tekno. Apendaye santuri hizo asimpite Joseph Kamaru wa Nairobi, ajiitaye KMRU, mjukuu na somo wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki 2018. Babu aliimba siasa na maadili kwa maneno. Katika Peel (2020) mjukuu hatamki neno. Katika Disconnect (2024), aliyoitunga na Kevin Richard Martin, hunena, na mwangwi hurefusha kauli yake. Aliyezoea utenzi, ambamo kina cha mwisho hurudi kila ubeti, aanzie hapo.