Lenzi ya Milimita 50 na Historia ya Uvuvi wa Usiku Rumonge

Insha hii inajadili namna ya kutathmini lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8, aina inayotengenezwa kwa ajili ya kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani. Hoja yangu ni kwamba lenzi hiyo ipimwe kwa kazi iliyozishinda lenzi za zamani. Kazi hiyo tunaiona Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika.

Wavuvi wa Rumonge huvua ndagala na mukeke usiku, hasa wakati wa giza la mwezi, kwa kuwavuta samaki kwa mwanga. Zamani waliwasha moto mtumbwini. Katika miaka ya 1950 karabai zilienea pamoja na mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili ili kubeba wavu. Leo zipo taa za betri.

Kamera ilichelewa kuufikia usiku huo. Mwaka 1840 Joseph Petzval alibuni lenzi iliyopunguza muda wa kupiga picha ya mtu kutoka dakika kadhaa hadi chini ya dakika moja. Mwaka 1924 Ludwig Bertele alitoa Ernostar ya f/2, iliyowezesha kupiga picha ndani ya nyumba bila unga wa kumulika. Leica ya 1925 ilizoesha watu urefu wa milimita 50, lakini lenzi yake ya f/3.5 ilipokea takriban robo tu ya mwanga wa f/1.8. Kwa hiyo wapiga picha wengi wa enzi za Wajerumani na Wabelgiji walilitegemea jua, na jua lilipowaka kazi ya wavuvi ilikuwa imekwisha. Anayesoma historia kwa picha za mchana tu ataona mitumbwi imepumzika, na anaweza kudhani wenyewe ni wavivu.

Je, f/1.8 inatosha? Inatusaidia kupata mwanga wa taa bila kungoja, na hilo ni muhimu kwa sababu mtumbwi hautulii. Lakini tundu likifunguliwa lote, mvuvi mmoja huonekana wazi na mwenzake nyuma akafifia, ilhali wavu huvutwa na kundi. Hivyo lenzi nzuri ni ile inayobaki safi hata likipunguzwa hadi f/2.8, kamera ikikubali chenga kidogo.

Kwa kuhitimisha, ukali wa picha ya mchana hautoshi kuwa kipimo. Tuulize kama lenzi inaweza kuwaonyesha wavuvi wakiwa kazini.