Mpaka wa Kivu na Swali la Haki

Upanuzi wa dola, yaani taifa kujiongezea ardhi kwa vita, mkataba au makazi, hujadiliwa na wanafunzi wengi kwa mfano wa Marekani ya karne ya 19, ambako sheria ya mwaka 1830 ilifungua njia ya kuwahamisha wenyeji wa asili hadi magharibi mwa mto Mississippi. Lakini mwanafunzi wa Gisenyi, nchini Rwanda, anao mfano wa karibu zaidi, kwa kuwa barabara za mji wake zinaishia kwenye vizuizi vya Goma, upande wa Kongo, ambako kina mama wachuuzi huvuka na mabeseni ya mboga kichwani.

Mpaka huo ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza: Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu kikaenda kwa Wabelgiji, na Bufumbira, iliyo Uganda leo, ikawa ya Waingereza, ilhali Mwami Yuhi Musinga, mfalme wa Rwanda, hakuwa na kiti mezani.

Hata hivyo, haki inadai jambo gumu zaidi lisemwe, kwamba Ijwi yenyewe ilikuwa imetekwa kwa vita na Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, na baada ya kifo chake wakazi wa kisiwa hicho wakarudia kujitawala. Ushindi wa Rwabugiri hauwatakasi Wazungu wa Brussels hata kidogo. Mkazi wa Ijwi hakuulizwa ridhaa yake mara zote mbili.