Kisanduku cha Pembeni: Ruta na Fayawoli Zilivyoingia Ofisi Ndogo

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ya Irvine, California, ilianza kuuza kisanduku cha rangi ya buluu na nyeusi chenye antena mbili mgongoni, kikaitwa WRT54G. Nyuma kilikuwa na tundu moja la kebo ya intaneti na mengine manne ya kompyuta. Ndani mlikuwa na prosesa ya megahezi 125 na megabaiti 4 tu za kuhifadhia programu. Wakili mwenye makarani wawili au mwenye duka la dawa aliweza kukinunua, kukichomeka na kuendelea na shughuli zake. Kisanduku hicho kilibeba kazi mbili ambazo kwa miaka mingi zilikuwa mikononi mwa watu tofauti wenye nia tofauti: kupitisha na kuzuia.

Kupitisha kulitangulia. Mwaka 1969 kampuni ya BBN ya Massachusetts ilipeleka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mashine iliyoitwa IMP, kubwa kama jokofu, iliyoundwa juu ya kompyuta ya Honeywell. Ilipokea ujumbe uliokatwa vipande, yaani pakiti, ikasoma kila kipande kinakokwenda na kukisukuma mbele. Haikuuliza aliyekituma ni nani, kwa kuwa waliounganishwa walikuwa watafiti waliojuana. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Stanford, William Yeager aliandika programu ya ruta iliyoelewa lugha za mitandao mbalimbali, na Leonard Bosack na Sandy Lerner, walioanzisha Cisco mwaka 1984, wakaifanya msingi wa ruta zao za kwanza.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 kuaminiana huko kuliingia doa. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu inayojinakili, nayo ikajinakili kupita kiasi hadi kompyuta zikaelemewa moja baada ya nyingine. Makadirio ya wakati ule yalitaja mashine 6,000, takriban moja katika kila kumi zilizokuwa kwenye intaneti. Wasimamizi wengi walikimbilia kuchomoa kebo, na kwa kuchomoa wakazikosa barua pepe za wenzao zilizobeba dawa yenyewe.

Kwa ile kazi ya pili, kuzuia, mafundi walikuwa wameazima neno kutoka kwa wajenzi. Fayawoli ni ukuta mnene unaosimamishwa kati ya nyumba na nyumba ili moto wa jirani usivuke. Zile za mwanzo zilitazama pakiti moja moja: imetoka wapi, inakwenda wapi, inabisha mlango upi. Mwaka 1994 kampuni ya Check Point ya Israeli ilileta sokoni fayawoli iliyokumbuka mazungumzo. Pakiti ilipogonga kutoka nje iliulizwa kwanza ni nani humu ndani aliyeiita, na isiyoitwa ikaachwa mlangoni. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa bidhaa ya makampuni makubwa. Ofisi ya watu sita haikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Kilichoifungulia ofisi ndogo mlango ni uhaba. Mfumo wa anwani za intaneti wa wakati ule ulikuwa na nafasi zipatazo bilioni 4.3, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba hazitatosha. Mwezi Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha njia ya kutafsiri anwani, ambayo ilikuja kuiwezesha ofisi nzima itumie anwani moja. Kompyuta ya mhasibu, yenye anwani ya ndani kama 192.168.1.10, inaomba ukurasa. Ruta inaifuta anwani hiyo kwenye pakiti, inaweka yake, kisha inaandika katika jedwali lake nani ameomba nini. Jibu likirudi, inatazama jedwali na kulifikisha kwa mwenyewe. Mgeni wa nje ambaye hamna aliyemwita hayumo kwenye jedwali, na pakiti yake inaishia hapo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi walipochanganyikiwa, na wengine hawajachanganuka hadi leo: walidhani jedwali hilo ni kinga kamili. Jedwali hilo halisomi kilichomo ndani ya pakiti. Karani akibonyeza kiungo chenye kirusi, yeye ndiye aliyeanzisha mazungumzo, na kirusi kitapokewa kama mgeni rasmi.

WRT54G ilikusanya yote hayo kwa bei ya mtu wa kawaida, lakini umaarufu wake ulitokana na jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi. Mwaka 2003 waandishi wa programu waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na mfumo endeshi wa Linux, ambayo leseni yake inamtaka mwenye kuisambaza atoe pia msimbo wake. Msimbo ukatolewa. Mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukaanza, na mnunuzi akaweza kukiwekea kisanduku chake programu iliyotunzwa na watu wengine kabisa. Toleo la tano la WRT54G lilipoiacha Linux na kupunguziwa kumbukumbu, malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba kampuni ilitoa aina ya pekee, WRT54GL, kwa waliotaka kile cha zamani.

Afrika Mashariki ilikuwa na mashaka yake. Kabla ya kebo ya SEACOM, ya chini ya bahari, kuzinduliwa tarehe 23 Julai 2009, ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam zilitegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani. Ombi na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde njiani hata mtandao ukiwa mtulivu. Kiungo chembamba cha namna hiyo kiliwataka mafundi wagawe kasi kwa kila meza, na hiyo ni kazi ambayo vifaa vya MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, viliifanya vizuri kwa bei nafuu. Umeme nao ulikatika. Mwaka 2013 watu wa shirika la Ushahidi jijini Nairobi walichangisha zaidi ya dola 170,000 kwenye tovuti ya uchangishaji ya Kickstarter ili watengeneze BRCK, ruta yenye betri ya saa nane, inayohudumia vifaa 20 na kuhamia yenyewe kwenye laini ya simu kebo inapokufa. Ni nadra kuona kifaa cha mtandao kilichoanza na swali la kweli la mtumiaji wa huku.

Kisha ruta zenyewe zikawa shabaha: mwezi Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza kwamba kirusi kilichoitwa VPNFilter kimeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, karibu vyote vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo: Linksys, MikroTik, Netgear, TP-Link. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliwataka wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Hilo lilifuta sehemu tu ya kirusi. Kilichobaki kilihitaji kurejesha kifaa katika hali ya kiwandani na kukiwekea programu mpya, kama mtengenezaji bado anaitoa. Kwa mnunuzi wa ofisi ndogo, swali la miaka mingapi mtengenezaji ataendelea kuitoa lina uzito kuliko kasi iliyochapwa kwenye boksi. OpenWrt yenyewe ina ukomo wake: baada ya matoleo ya 19.07, visanduku vyenye megabaiti 4 za hifadhi, kama ile WRT54G ya kwanza, havikuwa tena na nafasi ya kutosha kuibeba.