Viazi vitamu, shimo la Virginia na matobolwa ya Bibi

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima sijaandika kitu humu, na shangazi ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama niko hai. Niko hai, shangazi. Ni zamu za usiku tu, saa kumi na mbili kila moja, na siku ya mapumziko inaishia kulala na kufua. Hapa Silver Spring, Maryland, jirani kabisa na Washington, baridi imeanza na majani ya miti yamegeuka mekundu. Leo nataka kuwaandikia habari za viazi vitamu. Msicheke.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni ujumbe wa mdogo wangu (unajijua, sikutaji jina) kwamba msimu huu anang'oa marando yote kule bondeni kwa Mama ili alime "kitu cha maana". Akaongeza kwamba hata mimi nikija likizo hawatanipikia viazi, maana itakuwa aibu kumlisha mtu wa Marekani chakula cha njaa. Ya pili nitaisema mwishoni, kwa sababu inanihusu mimi mwenyewe na si rahisi kuisema.

Tuanze na kazini. Zamu ikiangukia sikukuu, hapa kila muuguzi analeta chakula chake na tunakula wote kwa zamu zamu. Mimi nilipeleka pilau. Mwenzangu mmoja, ambaye wazazi wake ni Wapalestina, akaleta sinia la viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vimechomwa kwenye oveni mpaka kingo zimeungua kidogo, juu vimenyunyiziwa unga mwekundu na majani mabichi ya nanaa na giligilani. Moyoni nikasema: nimevuka bahari yote hii nije kula manumbu? Lakini njaa ya saa tisa usiku haina maringo. Nikachukua kipande kimoja, nikarudi kuchukua cha pili, na cha nne nilikula nimesimama.

Ule unga mwekundu unaitwa sumaki. Si sumaku ile ya kunasa misumari! Ni matunda madogo ya mti fulani, yanakaushwa na kusagwa, na uchachu wake uko kati ya ndimu na ukwaju. Mti wenyewe ni wa jamii moja na mwembe na mkorosho. Watu wa Palestina, Lebanon na Uturuki wanautumia kama sisi tunavyotumia ndimu. Nikaja kugundua kwamba ndugu zake wanaota hata hapa Maryland kando ya barabara, na vishada vyao vyekundu huonekana tangu mwisho wa kiangazi. Wenyeji wa asili wa nchi hii waliviloweka kwenye maji wakapata kinywaji kichachu. (Nasema kama muuguzi: kuna jamaa yake mwingine wa kwenye vinamasi, mwenye matunda meupe, ambaye ni sumu. Ukija kunitembelea usichume chochote bila kuniuliza.)

Basi kiazi kile kikanikaa kichwani. Siku ya mapumziko badala ya kulala nikaanza kusoma historia yake, na ndipo nilipoona aibu ya maneno yangu. Maana kiazi kitamu hakikutoka kwetu kuja Marekani. Asili yake ni huku huku, mabara ya Amerika. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba Afrika Mashariki kililetwa na Wareno, wale waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kukaa na ngome zao Mombasa, Kilwa na Msumbiji. Hata neno "mbatata", ambalo watu wa pwani wanalitumia kwa viazi mviringo, limetoka kwa Wareno, nao walilipata kwa wenyeji wa visiwa vya Karibiani, ambako lilikuwa jina la kiazi kitamu chenyewe. Kwa hiyo nilivuka bahari kukifuata kitu ambacho nacho kiliivuka kutoka upande huu.

Wamarekani nao wamechanganya majina. Dukani utaona viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimeandikwa kwa jina ambalo kwetu tungelitumia kwa kiazi kikuu. Jina hilo asili yake ni lugha za Afrika Magharibi. Watu waliokamatwa huko na kuletwa utumwani walizoea viazi vikuu, wakafika huku hawavioni. Walichokikuta kinachofanana navyo ni kiazi kitamu, na jina la nyumbani likakihamia. Baadaye, miaka ya 1930, wakulima wa Louisiana walilitumia jina hilo kuuzia viazi vyao vya rangi ya chungwa, na mpaka leo limebaki.

Na hapa ndipo ningependa mdogo wangu asome polepole.

Jimbo la Virginia liko ng'ambo tu ya mto Potomac, mimi naliona kila nikienda Washington. Kusini-magharibi mwa jimbo hilo, kaunti ya Franklin, mwaka 1856 alizaliwa mtoto mmoja mtumwa. Mama yake alikuwa mpishi wa shamba. Walilala ndani ya kibanda kisicho na sakafu ya mbao, na katikati ya udongo palikuwa na shimo lililofunikwa kwa mbao. Humo ndimo viazi vitamu vya shamba viliwekwa wakati wa baridi. Baadaye aliandika kwamba analikumbuka shimo hilo vizuri kabisa, kwa sababu kila viazi vilipotiwa au kutolewa, yeye alijipatia kimoja au viwili akavichoma na kuvila kwa raha. Mtoto huyo ni Booker T. Washington, na kitabu alichoeleza hayo kilitoka mwaka 1901. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mashimo ya namna hiyo chini ya nyumba za watumwa sehemu nyingi za Virginia, na wengi wanaona kwamba kazi yake moja ilikuwa kutunza viazi.

Mwaka ule ule wa 1901, mwezi wa kumi, Rais Theodore Roosevelt alimwalika Booker T. Washington kula naye chakula cha jioni Ikulu, hapa Washington. Wazungu wengi wa kusini walichachamaa, magazeti yakatukana wiki nzima, kwamba mtu mweusi ameketi mezani na Rais. Sijui siku hiyo waliandaa nini. Lakini naamini kwamba yule aliyeketi pale mezani aliyajua majivu ya moto yanavyounguza vidole.

Yeye ndiye aliyeongoza chuo cha Tuskegee kule Alabama tangu 1881, na mwaka 1896 akamwajiri George Washington Carver, naye pia mzaliwa wa utumwani. Alabama ilikuwa nchi ya pamba kama Usukumani. Pamba mwaka hadi mwaka, ardhi imechoka, mkulima anadaiwa, na nyumbani hakuna cha kula. Carver akawaambia wabadilishe mazao: walime karanga, kunde na viazi vitamu. Akaandika vijitabu kwa lugha nyepesi, na kile cha viazi kinaeleza mpaka namna ya kuvichoma ndani ya majivu na namna ya kuvikausha. Niliposoma habari za kukausha nikasimama kidogo. Vita vya kwanza vya dunia vilipoleta upungufu wa ngano, Januari 1918 Wizara ya Kilimo ilimwita hapa Washington aje aeleze unga wake wa viazi vitamu, unaochanganywa na ngano kutengeneza mkate. Mtu mweusi, enzi zile za ubaguzi, aliitwa na serikali kwa sababu ya kiazi.

Kwetu nako kiazi kimeitwa chakula cha njaa si kwa bahati mbaya. Wakati wa Waingereza, sheria ndogo ndogo ziliwalazimisha watu walime mihogo na viazi kama akiba ya ukame, na asiyelima aliadhibiwa. Kitu ulichoamrishwa kwa adhabu hukipendi kwa urahisi. Lakini bibi zetu walikuwa na ujuzi wao ambao hawakufundishwa na bwana shamba. Kwa ajili ya marafiki wa pwani wasiojua: viazi vikimenywa vibichi, vikakatwa na kuanikwa, hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Yanakaa ghalani miezi mingi. Watoto wangapi wa Sengerema wamesomeshwa kwa matobolwa na karanga mfukoni? Mimi mmoja wao.

Sasa niseme kama muuguzi. Nilipokuwa mafunzoni, kwenye zahanati moja ya kijijini aliletwa mtoto wa miaka kama minne. Mama yake alisema mchana anacheza vizuri, jua likizama anapapasa ukuta. Huo ni upofu wa usiku, unaoletwa na upungufu wa vitamini A, na ukiachwa unaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Tulimpa matone, tukamwambia mama anunue karoti na maini. Alituangalia tu. Karoti na maini kwa hela gani? Nyumbani kwake kulikuwa na matuta ya viazi, lakini viazi vyeupe, ambavyo vitamini hiyo ni kidogo mno. Hatukumwambia hata kwamba matembele yanayofunika matuta hayo yangemsaidia mwanawe. Sisi wenyewe tulikuwa tunayaona ni mboga ya maskini.

Viazi vya rangi ya chungwa ni habari nyingine. Rangi ile ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A. Kiazi kidogo cha gramu kama 125 kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Shida ilikuwa kwamba mbegu nyingi za Amerika zilikuwa na majimaji mno, watu wetu wanapenda kiazi kikavu cha unga, na magonjwa ya kwetu yaliziua. Waliotatua hilo ni watafiti walioifanya kazi hiyo Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade wa Cape Verde aliyefanyia kazi Msumbiji. Jan Low naye alionyesha kwa utafiti wa Msumbiji kwamba watoto wakila viazi hivi, vitamini A mwilini inapanda kweli. Mwaka 2016 hao watatu, pamoja na Howarth Bouis aliyeanzisha mradi wa HarvestPlus hapa Washington, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Majina yao yalitangazwa Juni mwaka huo kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, hapa hapa mjini. Mganda ametajwa Washington kwa sababu ya viazi! Kwetu Tanzania vinaitwa viazi lishe, na mbegu zipo: Kabode, Mataya, Kiegea.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ombi langu ni hili. Lima hicho kitu chako cha maana, sikukatazi. Lakini mwachie Mama matuta kumi, na marando ya viazi lishe nitayagharamia mimi. Mkivikausha anikeni kivulini, jua kali linapunguza vitamini, na msivitunze muda mrefu mno. Baba mdogo, wewe mwenye sukari, kula kidogo, na afadhali cha kuchemsha kuliko cha kuchoma, maana cha kuchoma kinapandisha sukari haraka zaidi.

Na kama mnataka kujaribu kile cha kazini: menyeni viazi, mkate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, mpakaze mafuta na chumvi. Oveni iwe nyuzi 200, dakika 30 hadi 35, mgeuze mara moja. Asiye na oveni achome mkaani na maganda yake, kisha amenye na kukata na kupaka mafuta kidogo, kwa sababu mafuta yanausaidia mwili kuichukua hiyo vitamini. Uchachu unatiwa mwisho, vikishatoka motoni. Sumaki hamna, basi kamulieni ndimu au nyunyizieni maji mazito ya ukwaju. Halafu nanaa na giligilani mbichi, nyingi, msibane.

Sasa ile sababu ya pili.

Mwaka 2015 nilipoondoka, Bibi alinifungia matobolwa kwenye kitambaa cha kanga, akayaweka katikati ya nguo zangu. Alisema huko niendako sijui nitakula nini siku ya kwanza. Pale uwanja wa ndege Mwanza niliyatoa nikayatupa kwenye pipa, pamoja na kitambaa. Niliwahi kujiambia kwamba niliogopa watu wa forodha wa Marekani. Si kweli. Niliona aibu begi langu lisije likafunguliwa mbele za watu yakaonekana. Wiki iliyofuata Bibi aliuliza kwenye simu, "Uliyala?" Nikamjibu, "Niliyala Bibi, yalikuwa matamu." Akafurahi sana, akasema mengine atanitunzia.

Bibi alifariki 2021 na mimi nikiwa huku, sikuweza hata kuja kumzika. Mama aliniambia baadaye kwamba kwenye mtungi wake walikuta matobolwa yamefungwa peke yake, na hakuna aliyejua ni ya nani.

Yalikuwa yangu. Sikuwahi kuwaambia mpaka leo.

Nikijaliwa nitakuja mwezi wa saba. Msininunulie mchele wala soda. Mnipikie viazi.

Wenu, kutoka Silver Spring.