Royal Ivey, mkabaji aliyeizima Kenya Kigali

Waliotazama AfroBasket ya 2021 mjini Kigali hawajasahau matokeo haya: Sudan Kusini 60, Kenya 58. Kenya ilikuwa imerudi kwenye mashindano hayo baada ya miaka 28, na pointi mbili tu ziliinyima robo fainali. Mechi ilikuwa ya kukabana na kunyimana nafasi, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha kocha wa Sudan Kusini, Royal Ivey, ujana wake wote.

Ivey alizaliwa New York, Marekani, tarehe 20 Desemba 1981. Katika shule ya Blair Academy, jimbo la New Jersey, alicheza pamoja na Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyepitia ukimbizini Misri kabla ya kufika London. Baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Texas, na mwaka 2003 timu yao ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Mwaka 2004 Atlanta Hawks walimchagua nambari 37.

Alicheza misimu kumi katika NBA, akipita pia Milwaukee Bucks, Philadelphia 76ers na Oklahoma City Thunder, ambao alikuwa nao walipofika fainali ya 2012 na kushindwa na Miami Heat. Wastani wake wa kufunga haukufika pointi nne kwa mechi. Sasa alilipwa kwa lipi? Kwa kukaba. Gadi wa aina yake huingia kumshika mfungaji hatari wa upande wa pili: asimame kati yake na kikapu, amsukumie kwenye mkono usio na nguvu, apenye pale adui mwingine anapojiweka njiani kumziba, na yote hayo bila kurundika faulo, kwani ya sita humtoa nje. Akifanikiwa, karatasi ya takwimu haionyeshi kitu. Vijana wanaocheza kwenye viwanja vya saruji vya shule, iwe Wote, Kitui au hapa kwetu Pwani, hushindana kufunga. Ni nadra kumsikia mmoja akijisifu kwamba leo kamkaba fulani asipate hata kikapu.

Alipostaafu aliingia ukocha, akawa msaidizi New York Knicks, Brooklyn Nets na Houston Rockets. Deng, ambaye sasa ni rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, alimkabidhi timu ya taifa mwaka 2021. Nchi ilikuwa na miaka kumi tu ya uhuru na haikuwa na uwanja wa ndani wa mchezo huo.

Katika Kombe la Dunia la 2023 waliifunga China 89–69, Ufilipino 87–68 na Angola 101–78, wakamaliza juu ya timu zote za Afrika na kupata tiketi ya Olimpiki. Mwezi Julai 2024, London, Marekani yenye LeBron James ilinusurika kwao 101–100 katika mechi ya kirafiki. LeBron mwenyewe ndiye aliyefunga la ushindi zikiwa zimebaki sekunde nane. Siku chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, Sudan Kusini iliichapa Puerto Rico 90–79. Kisha ilishindwa na Marekani na Serbia, ikaaga mashindano.