Tango mpya: muziki wa kusikilizwa

Tango mpya ni muziki wa Argentina uliochanganya tango ya kale, jazi na muziki wa klasiki. Mwasisi wake mkuu ni Astor Piazzolla, aliyezaliwa Mar del Plata mwaka 1921 na kukulia New York, alikozifahamu jazi na kazi za Bach. Alipiga bandoneoni, chombo cha mvukuto na vitufe kilichobuniwa Ujerumani katika karne ya 19, jamaa ya kodiani inayosikika katika taarabu.

Mwaka 1954 Piazzolla alikwenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger. Alitamani kuwa mtunzi wa klasiki, na aliona haya kusema kwamba alipiga tango. Mwalimu alipoisikia tango yake, alimsihi asiiache kamwe. Mwaka 1955, akiwa amerudi Buenos Aires, aliunda kundi la wanamuziki wanane, likiwa na gitaa la umeme. Wapenzi wa tango ya kale walimshutumu kwamba anaiua, maana muziki wake ulitaka sikio kuliko miguu.

Kwa msikilizaji wa Kabeza, jijini Kigali, aliyezoea rumba ya Kongo, mlango mwepesi ni mdundo. Ahesabu mapigo manane, akitia mkazo katika la kwanza, la nne na la saba: tatu, tatu, mbili. Mgawanyo huo ndio uti wa mgongo wa "Libertango" ya mwaka 1974, nao si mgeni katika muziki wenye asili ya Afrika. Watu weusi waliopelekwa utumwani katika eneo la Río de la Plata ni miongoni mwa waliochangia kuzaliwa kwa tango.

Akiisha kuushika mdundo, asikilize jinsi chombo kimoja kinavyoanza wimbo na kingine kuupokea. Huo ni urithi wa Bach. Jazi ataisikia katika kazi za mwaka 1974 ambamo saksafoni ya Gerry Mulligan inajibizana na bandoneoni. Hatimaye asikilize "Adiós Nonino", iliyotungwa mwaka 1959 baada ya kifo cha baba yake Piazzolla: mwanzo wa kasi, kisha wimbo wa polepole wenye majonzi.

Taarabu ilizipokea fidla na kodiani, na ikabaki taarabu. Tango nayo haikufa. Piazzolla alifariki mwaka 1992, na leo kazi zake hupigwa na okestra za klasiki na bendi za jazi duniani kote.